Stauti ya oti na kahawa ya Usambara: niliyojifunza nikipikia kwenye joto la Tanga

Naanza na kahawa maana ndo imenifundisha zaidi ya kimea, ile nafaka iliyooteshwa ikakaushwa, na zaidi ya hopsi, yale maua machungu ya kutia kwenye bia. Stauti, yaani bia nyeusi, yenyewe tayari ina ladha ya kahawa kabla hujatia hata punje moja ya kahawa, ladha hiyo inatoka kwenye shayiri iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi, sasa mtu anayetaka kuongeza kahawa yenyewe inabidi ajiulize anaongeza kitu gani ambacho hakipo. Uchungu upo. Rangi ipo. Harufu ya kuungua ipo. Kinachokosekana ni ile harufu ya kahawa mbichi kukaangwa, ile inayokufikia ukiwa bado hujakata kona, na ule uchachu mdogo wa matunda ambao kahawa ya milimani inao na nafaka haina. Kwahiyo mi nimegawa kazi: nafaka ibebe uchungu na weusi, kahawa ibebe harufu tu. Ukishakubali hilo maamuzi mengine yote yanakuja yenyewe, kahawa ikaangwe kiasi gani, iingie lini, iingie na maji ya moto au ya baridi.

Mi ni Msambaa, kwetu ni Mlalo huko juu Lushoto, ila maisha yangu ni Ngamiani hapa Tanga mjini. Bibi yangu alikuwa anapika pombe ya miwa na nilikuwa namsaidia kuchuja nikiwa mdogo, ndo maana mambo ya kuchacha na povu na kusubiri hayanitishi. Napika kwa ajili ya nyumbani na watu wangu wazima wanaokuja kukaa Jumapili, siuzi, kuuza ni habari ya leseni na mi sijaingia huko. Na kwa wale wanaouliza kama hii ni gongo, hapana, gongo mvuke wake unakamatwa ukarudi kuwa maji makali, hii inachacha tu ikaishia hapo kama bia yoyote, kilevi chake asilimia 5 na kidogo.

Oti ziliingia vipi kwenye bia? Uingereza huko karne ya 19 mwishoni watu walikuwa wanaiona stauti ya oti kama kinywaji cha kuwapa nguvu wagonjwa na wanawake wanaonyonyesha, jambo ambalo leo hakuna daktari atakayekuambia, afu ikapotea kabisa mpaka mwaka 1980 kiwanda cha Samuel Smith cha Tadcaster, Yorkshire, kikairudisha na wapikaji wa Marekani wakaidaka. Na ule weusi nao una mtu wake, Daniel Wheeler, Mwingereza, mwaka 1817 alipata hati miliki ya njia ya kukaanga kimea ndani ya ngoma ya chuma inayozungushwa juu ya moto, mtambo wa aina ileile waliyokuwa wanakaangia kahawa. Mi nikisoma hilo nilifurahi sana kwasababu linamaanisha kahawa na stauti zimetoka kwenye moto mmoja, hazijaunganishwa juzi na vijana wa mjini.

Haya tuje kwenye vitu vyenyewe. Kwa lita 20 natumia kimea cheupe cha shayiri kilo 4 na nusu, oti gramu 600, shayiri iliyokaangwa nyeusi gramu 350. Basi. Watu wanaweka vimea vya aina sita saba, mi naona kwenye bia ambayo kahawa inaingia ule wingi unapotea bure, huwezi kuutambua. Kimea kinanijia na basi la Mombasa kupitia Horohoro pamoja na hopsi na hamira, oti ni zile za uji zilizobapwa unazikuta supermaketi yoyote, na shayiri nzima nanunua kwenye duka la viungo pale Ngamiani, ileile ya uji wa mwezi wa Ramadhani.

Oti zilizobapwa zina faida moja kubwa, zimeshapitishwa kwenye mvuke kiwandani kwahiyo wanga wake umeshafunguka, unazitia moja kwa moja kwenye maji na kimea. Ukipata zile nzima au zilizokatwakatwa hizo lazima uzipike uji kwanza, la sivyo utapata sukari kidogo sana. Na oti hazina nguvu ya kujigeuza sukari zenyewe, zinategemea kimea cha shayiri kiwafanyie kazi wote wawili, ndo sababu huwezi kujaza oti nusu kwa nusu. Mi nakaa kwenye asilimia 11 hivi ya nafaka zote. Ukienda 20 ndo unaanza kupata utelezi, togwa, yaani yale maji matamu ya kimea kabla hayajachacha, inakuwa nzito haichujiki, unakaa na mwiko unasukuma mpaka mkono unakufa ganzi. Kabla ya kuzitia nazipitisha kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, mpaka zinukie biskuti. Dakika 10 tu lakini ukinywa unaijua bia ambayo oti zake zilikaangwa na ambayo hazikukaangwa.

Shayiri nyeusi ndo iliyonipeleka kwa mzee wa kahawa.

Huyu mzee anauza kahawa chungu barazani jioni, dele lake la shaba juu ya mkaa, vikombe vyake anavigonganisha mkononi watu wanajua kafika, na kashata pembeni. Kahawa anakaanga mwenyewe kwa karai nyumbani kwake asubuhi. Mi nilikuwa mteja wake wa kunywa tu, afu nikaanza kununua ya kubeba, akaniuliza.

"Mwanangu, kahawa yote hii unapeleka wapi? Umefungua hoteli?"

"Hapana mzee, nisikufiche, naitia kwenye bia napika nyumbani. Na nilitaka unifundishe kukaanga, maana nina shayiri nataka iwe nyeusi bila kuungua."

Akanyamaza kidogo, akamimina kikombe cha mtu, akasema, "Hiyo bia mie simo, na mkono wangu hautaingia humo. Lakini moto nitakuelekeza, elimu haina ubaya. Shayiri yako utaikaanga mwenyewe."

Na ndivyo tulivyofanya, na namheshimu sana kwa hilo. Nilienda na karai langu na mkaa wangu nikakaa ng'ambo ya uani, yeye anakaanga yake mi nakaanga yangu, ananiambia kwa mbali punguza mkaa, usiache mwiko, geuza toka chini. Kitu alichonifundisha ni kwamba moto mkali unachoma ngozi na ndani kunabaki kweupe. Unatakiwa ukate punje kwa jino kila mara uangalie kati yake, rangi ya kati ikikaribia ya nje ndo umefika, afu unamwaga haraka kwenye ungo unapeta ipoe kwasababu punje zikiwa moto zinaendelea kujipika zenyewe hata ukizitoa. Moshi wake usiingie ndani ya nyumba. Na shayiri ikishakaangwa usiitumie siku hiyohiyo, naiweka kwenye mfuko wa karatasi wiki moja mpaka mbili, ule ukali wa moshi unatoka unabaki utamu wa kuungua wa kawaida.

Kwenye kahawa ndo alinifungua macho zaidi. Kahawa ikikaangwa inapasuka mara mbili, mara ya kwanza kwa mlio mkubwa unaosikika vizuri, afu inanyamaza, afu inaanza tena milio midogo ya haraka. Mzee kahawa ya barazani anaipeleka mpaka milio ya pili inakolea, inakuwa nyeusi inang'aa mafuta, na hiyo ndo wateja wake wanaitaka wanywe na kashata. Ila ya kwake ya nyumbani anaitoa kwenye ule ukimya wa katikati, rangi ya tende. Nikamuuliza kwanini, akasema, "Ile nyeusi unakunywa moto. Hii ya tende unakunywa kahawa." Hapohapo nikajua ndo ninayoitaka, maana moto nishauweka kwenye shayiri, sina haja ya kuulipia mara ya pili.

Kahawa yenyewe ni arabika ya kwetu Usambara, naletewa na ndugu. Nimejaribu pia robusta ya Bukoba, nzuri sana kutafuna na nzuri kwa wanaotaka kikombe kizito, ila kwenye stauti naona inaongeza uchungu juu ya uchungu na harufu inajificha. Hayo ni maoni yangu, mwenye ulimi mwingine atasema lingine.

Siku ya kupika natumia sufuria la pilau la shughuli, lile la lita 40, hata ukikodi kwa wanaokodisha vyombo vya harusi siyo gharama. Maji ni ya bomba, hapa Tanga yanatoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, yana klorini kwahiyo nayachota usiku nayaacha wazi kwenye ndoo mpaka asubuhi afu nayachemsha, kwasababu klorini ikikutana na kimea na hamira inatoa ladha ya dawa ya hospitali na hiyo haitoki tena. Maji ya kisima karibu na bahari usijaribu, yana chumvi.

Napasha lita 27 mpaka nyuzi 73, natia mfuko mkubwa nilioshonewa kwa fundi kwa kitambaa cha neti, natia nafaka zote humo, natega joto litulie kwenye 68. Hapo funika, zungushia blanketi, acha saa moja. Hiyo 68 siyo ya kubahatisha. Kwenye kimea kuna vimeng'enya viwili vinavyokata wanga kuwa sukari, mmoja anapenda joto la chini kidogo la 60 mpaka 65 na anatoa sukari ambayo hamira inaimaliza yote, bia inakuwa nyepesi na kavu, mwingine anafanya kazi vizuri juu ya hapo na anaacha vipande vikubwa ambavyo hamira haiviwezi, vinabaki kwenye bia vinatoa uzito mdomoni. Stauti ya oti bila uzito mdomoni haina maana, kwahiyo kaa 67 au 68. Raha ya Tanga ni kwamba joto la hewa linasaidia, sufuria likifunikwa vizuri halipotezi hata nyuzi 2 kwa saa nzima, wenzetu wa Lushoto mwezi wa saba wangehangaika.

Ukinyanyua mfuko unaning'iniza juu ya sufuria unaacha ivuje, unakamua taratibu. Oti hapa zinang'ang'ana, vumilia. Machicha usitupe, mi nampelekea jirani mwenye ng'ombe kule Pongwe na nikirudi narudi na maziwa. Ila machicha ya hopsi yale ya baadae usimpe mnyama, hasa mbwa, hopsi ni sumu kwa mbwa.

Kuchemsha ni saa moja. Hopsi natia mwanzoni tu, gramu 40 za East Kent Goldings, za Kent huko Uingereza, zenye nguvu ya uchungu (alfa asidi) ya asilimia 5 hivi. Bila kahawa ningeweka 50 mpaka 55 lakini kahawa inakuja na uchungu wake kidogo na shayiri nayo, kwahiyo nashusha. Harufu ya hopsi mwishoni siitaki kabisa hapa, inagombana na kahawa. Watu wengine wanatia kahawa kwenye sufuria moto ukizimwa, nitaeleza chini kwanini mi sifanyi hivo.

Sasa joto. Vitabu vyote vya kupika bia vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, wanakuambia poza togwa mpaka nyuzi 18, weka chumbani kwenye 18 mpaka 20, kana kwamba chumba cha mtu yeyote kina hiyo. Tanga maji ya bomba yenyewe yanatoka na joto la 27 huko, na chumba mwezi wa pili kinafika 32 bila aibu. Hamira ya kawaida ya Kiingereza ukiiweka kwenye 30 inafanya kazi kwa pupa inatoa pombe kali zile zinazochoma koo na kuumiza kichwa asubuhi, na harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi. Njia ya kuweka ndoo kwenye beseni la maji na kufunika kitambaa kilicholowa inafanya kazi sehemu kavu kama Dodoma, hapa hewa imeshajaa unyevu kwahiyo maji hayakauki haraka na bila kukauka hakuna kupoa. Chupa za barafu kwenye beseni zinafaa ila ukibadilisha usiku na mchana, na umeme ukikatika na barafu yako imekwisha. Friji la zamani lenye kidhibiti joto ndo jibu la mwenye nafasi na umeme wa uhakika.

Mi nimechagua njia nyingine, hamira inayopenda joto. Huko Norwe wakulima wa vijijini walikuwa na hamira zao za kurithishana nyumba kwa nyumba zinaitwa kveik, wanazikausha kwenye pete za mbao na kuzitundika mpaka msimu mwingine wa kupika. Ile inayotoka sehemu inaitwa Voss inafanya kazi vizuri kwenye nyuzi 35 mpaka 40, joto ambalo hamira nyingine zinaharibu bia. Ajabu kwamba hamira ya nchi ya theluji ndo inayofaa zaidi Ngamiani. Sasa hivi pakiti kavu zinauzwa. Kwa hamira hiyo sihitaji barafu wala friji, nalaza sufuria kwenye beseni la maji ya bomba nabadilisha maji mpaka togwa inashuka kwenye 35, namimina kwenye ndoo iliyosafishwa kwa kurusha ili hewa iingie, natia hamira, nafunga, mpira unatoka kwenye mfuniko unazama kwenye chupa ya maji. Jioni inapuliza. Siku ya tatu ya nne imemaliza kazi kubwa, ila naiacha ifike wiki na zaidi ijisafishe na itulie.

Voss inaacha harufu ya machungwa. Kwenye bia nyeupe inaonekana sana, kwenye stauti inakaa nyuma, na hapa ndo bahati yangu ilipo, kwasababu machungwa kidogo chini ya kahawa ya Usambara ni ladha nzuri mno, mtu akinywa anaweza kudhani nimetia ganda la chungwa la Muheza na sijatia chochote. Bibi naye alikuwa haoshi chungu chake cha pombe mpaka kikatakata, anaacha ile chachu ya chini kwa ajili ya upishi unaofuata. Mi nafanya hivohivo na kveik, ile inayobaki chini ya ndoo naitandaza nyembamba kwenye karatasi ya kuokea, nakausha kivulini chini ya feni, naivunjavunja naifunga naiweka friza. Inaamka vizuri tu baada ya miezi.

Kuhusu vipimo neno moja. Ile haidromita ya kupimia uzito wa togwa imetengenezwa isome sawasawa kwenye nyuzi 20. Ukipima togwa ikiwa 30 itakudanganya inasoma chini, kwahiyo ongeza 2 au 3 kwenye tarakimu ya mwisho. Togwa yangu inaanza 1.055 hivi inaishia 1.015, tofauti hiyo ukizidisha kwa 131 unapata kilevi cha asilimia 5 na robo.

Sasa turudi kwenye kahawa maana hapa ndo nimekaa sana. Nilitaka kujua mwenyewe siyo kusimuliwa, kwahiyo nilichukua bia moja ileile iliyokwisha kuchacha nikaigawa kwenye madumu madogo. Dumu moja nikatia kahawa iliyochemshwa vizuri kwenye dele kama ya barazani, ikapozwa. Dumu lingine nikatia punje nzima za kahawa zilizopondwa kidogo tu kwenye kinu, nikaziacha ndani ya bia. La mwisho nikatia kahawa iliyolowekwa kwenye maji baridi usiku kucha frijini ikachujwa. Kahawa ileile, kiasi kilekile. Nikawaita wifi yangu, na jirani fundi wa friji, na mama mmoja wa kanisani kwetu ambaye ana ulimi mkali kuliko wote, nikawapa bila kuwaambia kipi ni kipi.

Lile la kuchemshwa wote walilitambua kwa harufu ya mwanzo halafu wakakunja uso, linakwaruza nyuma ya ulimi, ukali unabaki muda mrefu. Mzee wa barazani alishaniambia kahawa iliyokaa mkaani toka alasiri mpaka saa tatu usiku hata yeye haimpi mgeni wake. Sasa kwenye bia ule ukali haufichwi na kashata. Ndo sababu pia siitii kwenye sufuria la moto. Harufu ya kahawa ni kitu chepesi kinachoruka na mvuke, ukiinusa jikoni ujue imeshatoka kwenye bia.

La punje nzima lilikuwa zuri ajabu siku ya pili, harufu nzito safi, yule mama wa kanisani akasema hili ndo hili. Tukaacha punje ndani, wiki mbili baadae likawa na harufu ya pilipili hoho mbichi, kabisa, hoho lililokatwa sasa hivi. Hii inatokea hasa kahawa ikiwa imekaangwa kidogo mno au ikikaa ndani ya bia muda mrefu. Kwahiyo njia hii ni nzuri ila kwa saa 24 mpaka 48 tu afu unatoa, na punje ziwe za rangi ya tende siyo za njano.

La maji baridi halikuwa na kelele. Harufu imekaa vizuri, uchungu hamna wa ziada, ule uchachu wa matunda upo. Na chupa zake ndo zilizodumu na ladha bila kugeuka. Tangu hapo nimebaki nalo.

Ninavyofanya: gramu 120 za kahawa iliyosagwa chengachenga, siyo unga, kwenye lita 1 na robo ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kwenye chupa ya kioo iliyosafishwa kwa maji ya moto, frijini saa 16 mpaka 18. Nachuja kwa kitambaa kisafi kisha kwa karatasi ya chujio. Kahawa iwe imekaangwa siku chache tu nyuma. Ya pakiti iliyokaa dukani haina harufu ya kukupa.

Na kiasi cha kutia sikikisii, nakitafuta. Nanunua duka la dawa bomba la sindano, lile tupu bila sindano yenyewe, napima glasi kadhaa za mililita 100 za bia, ya kwanza natia mililita 2 za kahawa, nyingine 4, nyingine 5, nyingine 7. Naonja kuanzia ndogo. Kawaida nikifika 5 nasikia kahawa na bia wanazungumza pamoja, kwenye 7 bia imeshanyamaza. Mililita 5 kwa 100 maana yake lita 1 kwa lita 20, ndo natia hivo, siku ya kufunga chupa. Ile robo inanywewa na machicha ya kahawa, ila kikibaki kidogo nakitia maziwa na sukari nakunywa nikifunga chupa. Kila kahawa mpya naonja upya, maana mavuno ya mwaka huu siyo ya mwaka jana, na msimu huko kaskazini unaanza mwezi wa saba unaenda mpaka wa kumi na mbili, kahawa ya mwanzo na ya mwisho zinatofautiana.

Chupa ni zile za bia za kahawia, nazikusanya, naziloweka lebo zitoke, nazisafisha. Za kijani au nyeupe siweki kwasababu mwanga unaharibu hopsi. Sukari ya gesi ni gramu 6 kwa lita, yaani 120 kwa ndoo nzima, sukari ya kawaida ya dukani, naichemsha kwenye maji kidogo kwanza. Stauti haitaki gesi nyingi, inataka povu taratibu la rangi ya maziwa ya chai. Kabla ya kufunga hakikisha kipimo kimesoma namba ileile siku tatu mfululizo, hii siyo ya kuruka, chupa iliyofungwa kabla bia haijamaliza kwenye joto la hapa inaweza kupasuka na kioo hakichagui uso wa mtu. Zinakaa kabatini wiki mbili, kwa joto letu zinapata gesi haraka.

Kuinywa, tafadhali, siyo ya kugandisha. Najua Tanga mtu anataka bia inayotoa jasho la barafu na kwa bia nyepesi namwelewa, lakini hii ukiipoza kupita kiasi kahawa yote inalala. Itoe frijini ikae mezani dakika 15 kwanza. Na pweza wa kuchoma wa Raskazone inakwenda vizuri mno, ule moshi wa pweza na shayiri choma, na ukiwa na kashata ya nazi pembeni basi umemaliza. Wifi yangu anainywa na halua. Nilibisha sana, afu nikaonja nikanyamaza.

Jambo moja nawaambia wote wanaokuja kwangu: kahawa iliyomo haimwondolei mtu pombe. Inamfanya ajione yuko macho tu, kilevi mwilini kiko palepale. Kahawa kwenye chupa ya nusu lita ni kama gramu 3 tu, chini ya kikombe kimoja cha kawaida, ila hata ingekuwa dele zima, mwenye bodaboda anaacha funguo mezani kwangu analala au anarudi kwa miguu. Hilo halijadiliwi.

Na zisikae sana. Stauti ya kawaida inaweza kuzeeka vizuri miezi mingi, hii ya kahawa inaanza kufifia mwezi wa pili na mwezi wa tatu inabaki bia nyeusi tu yenye kumbukumbu ya kahawa. Kwahiyo napika ndoo moja kwa wakati, nagawa chupa mapema, na ndugu wa Mlalo walionipa kahawa wanapelekewa zao kwanza na basi la asubuhi, zimefungwa kwenye khanga ndani ya ndoo zisigongane kwenye zile kona za kupanda kutoka Mombo.